Mzazi asiye mwalimu anaweza kusoma pamoja na mtoto nyumbani

Mleta mada ameuliza kama mzazi aliyeishia kidato cha nne, tena aliyesahau mengi, anaweza kumfundisha nyumbani mtoto wa darasa la tano. Anaweza, kwa sharti kwamba akubali kuwa mwanafunzi mwenzake na kulisoma somo upya mbele ya mtoto, asijifungie usiku kulikariri ili asubuhi aonekane analijua.

Nasema hivyo kwa yaliyotokea nyumbani kwetu Tanga mwaka 2020, shule zilipofungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya UVIKO-19 hadi zilipofunguliwa tarehe 29 Juni. Binti yangu alikuwa darasa la tano na mdogo wake darasa la pili. Yule mdogo hakunipa shida, kwani dada yake ndiye aliyemsomesha hadithi fupi na kumsahihishia mwandiko. Kazi ilikuwa kwenye kugawanya sehemu.

Shuleni nilifundishwa kugeuza sehemu ya pili kisha kuzidisha, nikafaulu mitihani kwa kanuni hiyo bila kujua imetoka wapi. Binti alitaka kujua kwa nini robo tatu ikigawanywa kwa moja ya nane jibu ni 6, namba kubwa kuliko ile tuliyoanza nayo. Nilimwambia silijui jibu, tulitafute. Tulilipata kwa bibi yake, ambaye hadi leo hupima mchele kwa pishi na kibaba. Pishi moja ni vibaba vinne. Kwa hiyo robo tatu ya pishi ni vibaba vitatu, na moja ya nane ya pishi ni nusu kibaba. Swali, basi, lilikuwa linataka tujue nusu kibaba zinaingia mara ngapi katika vibaba vitatu. Binti alipima mwenyewe, zikatoka sita. Kisha akasema kwamba pishi nzima ingetoa nane, hivyo kugawanya kwa moja ya nane ni sawa na kuzidisha kwa nane, na kanuni niliyoibeba tangu utotoni ikatueleweka sote wawili kwa wakati mmoja.

Tangu siku hiyo aliacha kuficha asichokielewa, na hilo ninalithamini kuliko alama zozote alizopata baadaye, maana alishamwona mtu mzima akikiri kutojua na kuanza kutafuta bila kuona haya.

Sishauri, hata hivyo, kumwondoa mtoto shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imeifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na mtoto anahitaji pia wenzake wa kubishana nao na kucheza nao. Ninachoshauri ni masomo ya jioni na ya likizo. Vitabu visikusumbue, kwa kuwa Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bure, hata kwa simu.

Anza na hisabati, kwa sababu jibu lake mnaweza kulihakiki wenyewe kwa vitu vilivyomo jikoni. Tumieni daftari moja, ili naye apate nafasi ya kukusahihisha. Mkikwama, mwandike swali vizuri alipeleke kwa mwalimu wake, na akirudi akueleze wewe alichofundishwa.