Bloku ya juu ya mtulinga: ncha isipoonekana, mkono wa sindano usimame

Kwenye bloku hii, yaani sindano ya ganzi kwenye neva za mkono juu ya mfupa wa mtulinga kwa kuongozwa na ultrasaundi, umeuliza kwa nini ncha inakupotea ilhali sindano unaiona vizuri. Mwale wa ultrasaundi ni mwembamba sana. Sindano ikiukata kwa mshazari, unachoona mwishoni ni pale mwili wa sindano unapotoka kwenye mwale, na ncha yenyewe imeshatangulia mbele. Eneo hilo, mbele kuna pafu.

Ikipotea, simamisha mkono wa sindano na uhamishe proba (kifaa cha ultrasaundi kinachoshikwa juu ya ngozi) peke yake: itelezeshe kwanza, halafu uizungushe, halafu uiinamishe, kimoja kimoja. Ukisogeza mikono yote miwili pamoja hutaipata. Ukishindwa, rudisha sindano nyuma hadi uione. Kutikisa sindano na kuangalia nyama zinavyocheza hakutoshi, maana nyama huchezeshwa na sindano nzima. Kusukuma nusu mililita ya maji ya chumvi na kuangalia yanapotokea kwenye skrini husaidia zaidi. Na ukichoma sentimita 1 hivi kutoka ukingo wa proba badala ya kuigusa kabisa, sindano inalala na kung'aa.

Kabla ya kuchoma, tafuta ubavu wa kwanza: mstari mweupe wenye kivuli cheusi chini yake. Utando wa pafu nao ni mweupe, ila huteleza mgonjwa akipumua. Weka picha ambayo ubavu uko chini ya ateri na neva. Washa Dopla pia, inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi; mara nyingi kuna ateri ndogo inayopita katikati ya neva, nayo ni rahisi kuikosa bila rangi.

Wakati wa kusukuma dawa, vuta kwanza uone kama damu inaingia, kisha sukuma mililita 3 hadi 5 kwa awamu. Kukosa damu kusikudanganye: proba iliyobanwa sana huziba vena. Dawa ikiingia bila kuonekana ikitanuka kwenye skrini, chukulia iko ndani ya mshipa, acha. Dawa ikiwa ngumu kusukuma au mgonjwa akilalamika maumivu makali, acha vilevile.

Mgonjwa wa kilo 60, mililita 20 za bupivakeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 0.5 ni miligramu 100, chini ya kikomo cha miligramu 2 kwa kilo. Mafuta ya mshipani ya asilimia 20, tiba ya sumu ya dawa ya ganzi ikiingia kwenye damu, yawe chumbani humo humo, si stoo; dozi ya kwanza kwake ni mililita 90.

Hewa kifuani, pafu likitobolewa, inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, kwa hiyo anayerudi nyumbani aambiwe kuhusu kichomi na pumzi kubana. Mwenye mapafu mabovu anayefanyiwa upasuaji wa kiganja, mfanyie bloku ya kwapani.