Mistari ikiingiliana, usiseme bado kwamba kuku wako sawa

Mwaka juzi nusura niache chakula kizuri cha kuku kwa sababu ya mistari miwili kwenye grafu.

Nilikuwa na vifaranga 80 wa nyama, nikawagawa 40 kwa 40. Banda la kwanza likala chakula nilichozoea, la pili likala kipya ambacho muuzaji alikisifia mpaka akanichosha. Wiki ya tano nikawapima mmoja mmoja, wananing'inia miguu juu kwenye mizani, mwanangu anaandika kwenye daftari lililojaa pumba. Wastani ukatoka gramu 1,820 kwa chakula cha zamani na 1,910 kwa kipya.

Shemeji yangu alisoma takwimu chuoni. Akachora kila wastani na mstari wa mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambalo wastani wa kweli unakadiriwa kuwamo: kundi la kwanza kuanzia 1,759 hadi 1,881, la pili 1,849 hadi 1,971. Akaniambia, "Shemeji, mistari imeingiliana. Hapo hakuna tofauti." Nikamwamini, maana ndivyo inavyoonekana kwa macho.

Kumbe macho ndiyo yanayodanganya. Kila mstari unajibu swali la kundi lake tu: wastani wa kweli wa kuku wanaokula chakula hiki unaweza kuwa wapi? Swali langu lilikuwa jingine: vyakula hivi viwili vinapishana kwa gramu ngapi? Swali hilo lina mipaka yake, na inabidi uikokotoe peke yake.

Uzito wa kuku ulitawanyika kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi kuku wanavyotofautiana na wastani wao, wa gramu kama 190 kila banda. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 40, unapata 30. Hicho ndicho kiasi ambacho wastani wenyewe unaweza kuyumba kwa bahati tu. Ukitafuta tofauti, hujumlishi 30 na 30. Unazidisha kila moja kwa yenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili: 42. Zidisha kwa 2 hivi, ndiyo inayoleta ile asilimia 95, ni 85. Tofauti yangu ilikuwa gramu 90, kwa hiyo mipaka yake ni kuanzia 5 hadi 175. Sifuri haimo, kwa hiyo tofauti ipo.

Anayetaka mistari iachane kabisa anadai pengo la gramu 122, yaani 61 na 61, nusu ya kila mstari. Ni kama kusema bahati imevuta kundi moja juu kabisa na lingine chini kabisa kwa wakati mmoja. Hutokea, ila mara chache sana. Mistari ikiachana, sawa, tofauti ipo. Ikiingiliana kidogo, bado hujajua kitu, kokotoa.

Na tafadhali usisome 1,849 hadi 1,971 kama "asilimia 95 ya kuku wangu wako humo". Nilihesabu kwenye daftari: walikuwa 11 tu kati ya 40. Hiyo 95 inahusu njia yenyewe: ungerudia jaribio mara nyingi, mipaka kama hii ingeunasa wastani wa kweli karibu mara 95 katika kila 100.

Basi nikafurahi? Nusu. Chakula kipya kilikuwa ghali, na kwa bei za wakati ule kila kuku alihitaji kuongeza gramu 60 hivi ili nisile hasara. Tano ni hasara, 175 ni faida nono, na zote mbili zimo ndani ya mipaka. Kusema "tofauti ipo" kulikuwa sahihi, lakini hakukunisaidia dukani. Siku hizi naanza na hiyo 60, ndipo natazama imeangukia wapi.

Halafu kuna dhambi ambayo hata shemeji hakuiona. Banda la pili lilikuwa mbali na mlango, halipigwi na upepo wa usiku. Kuku 40 wa chumba kimoja wanashiriki joto, maji na magonjwa, kwa hiyo huwezi kuwahesabu kama mashahidi 40 wasiojuana. Huenda gramu 90 zangu zilitokana na ukuta.

Awamu iliyofuata nikagawa banda kwa waya na maturubai, vyumba 8 vya kuku 10, nikapiga kura chumba kipi kile nini. Shemeji akauliza daftari liko wapi. Nikampa karatasi yenye wastani 8, mmoja kwa kila chumba.