Fundi wa Rangi Anajibu: Stika Imetoka, Kole Imebaki

SWALI: Papa fundi, jambo sana. Nilinunua Land Cruiser nyeupe iliyokuwa ya shirika moja la misaada. Milango ya mbele ilikuwa na stika kubwa za bluu, nembo na herufi ndefu. Nilimwomba kijana anayeosha magari azitoe. Alivuta kwa kucha, plastiki ikavunjikavunjika kama ganda la yai, kole (gundi yake) ikabaki. Sasa ni wiki ya tatu, vumbi limenasa humo na milango imekuwa myeusi. Jirani mmoja ananiambia nipake diluani, ile dawa ya kuzimulia rangi, mwingine wembe, mwingine petroli. Na hata pale palipotoka vizuri, herufi bado zinasomeka! Ninabeba watu na mizigo kati ya Goma na Sake, na barabarani watu wanadhani gari bado ni la shirika. Nifanye nini? – Mama wa Katindo

JIBU: Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kupaka kitu. Diluani irudishe dukani.

Mlango wa kwanza niliouharibu maishani niliuharibu kwa diluani. Nilikuwa naanza kujifunza kazi katika garaji moja la Birere, miaka michache baada ya lava ya volkano yetu, Nyiragongo, kuingia Goma Januari 2002. Patroni alikuwa ametoka. Nikaona kole ya stika kwenye mlango wa teksi nyekundu, nikalowesha kitambaa, nikasugua. Kole ikatoka papo hapo, nami nikafurahi sana. Kisha nikatazama kitambaa: kilikuwa chekundu. Rangi ilikuwa imelainika na kukunjamana kama utando wa maziwa, na alama za vidole vyangu zilibaki humo. Mlango ule ulipakwa upya kwa pesa yangu. Mwenye teksi hakurudi tena kwetu, na hilo liliniuma kuliko pesa.

Baadaye nilielewa sababu. Rangi ya kiwandani huchomwa kwa joto mpaka ikakomaa, nayo huvumilia mengi. Rangi tunayopaka huku mara nyingi hukauka kwa hewa tu, na diluani huila mara moja. Gari lililotumika miaka mingi huwezi kujua mlango upi ulishapakwa upya. Ndiyo maana dawa yoyote, hata ninayokutajia mimi, ijaribu kwanza upande wa ndani wa kifuniko cha tangi la mafuta, kwa kitambaa cheusi, maana gari lako ni jeupe. Kitambaa kikichukua rangi, acha.

Sasa twende kazini, na tuanze na maji. Vumbi la Goma, mama, si udongo wa shambani. Ni jiwe la volkano lililosagwa na matairi. Lishike kati ya vidole ulisikie, linakwaruza kama msasa. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya kole iliyojaa vumbi hilo, unachora rangi yako mwenyewe, na mikwaruzo hiyo utaiona siku jua litakapopiga mlango. Kwa hiyo mwaga maji mengi kwanza, kisha sabuni na sponji laini, kisha maji tena. Usiwe na haraka hapo. Magari mengi ninayoletewa na mikwaruzo ya duara hayakuharibiwa na stika wala kole, yaliharibiwa na kuoshwa kwa ndoo moja na kitambaa kilichoanguka chini.

Kisha joto. Stika yako ilivunjika kwa sababu imezeeka. Tuko karibu na ikweta, na mita zaidi ya 1,400 juu ya bahari. Jua la hapa linakausha ile plastiki mpaka inapoteza ulaini wake wote. Kole ya chini nayo imekuwa ngumu, ila ukiipasha moto inalainika tena. Una ukoko wa bugali kwenye sufuria, unafanyaje? Unaloweka kwanza, unangoja. Chemsha maji, lowesha taulo nene, likamue kidogo, libandike juu ya mabaki na ulishikilie dakika tano. Likipoa rudia. Kama kuna umeme, mashine ya kukaushia nywele ya saluni inafanya kazi nzuri zaidi: ishike mbali kidogo, kama urefu wa kiganja, na usiisimamishe mahali pamoja. Gusa bati kwa mkono. Mkono ukishindwa kukaa hapo, umezidisha.

Kipande cha plastiki kikishalainika, anzia kwenye kona, ukivute kikiwa kimelala karibu sambamba na mlango, polepole. Usikivute kuelekea kwako. Kikikatika, pasha tena. Kwa kuinua kona tumia kadi ya plastiki, hata ya zamani ya simu.

Wembe usiutumie kwenye rangi hata mara moja. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia ile ya chini kabisa hadi ya juu, mara nyingi ni maikroni 100 hadi 150, yaani kama karatasi moja ya daftari au moja na nusu. Wembe unapita hapo bila wewe kusikia.

Kwa kole inayobaki, paka mafuta ya kupikia, ya alizeti au ya soya, uyaache nusu saa kivulini. Mawese usitumie: kwa baridi ya huku yanaganda juu ya mlango kabla hayajaingia kwenye kole, na wekundu wake utakusumbua. Baada ya nusu saa sukuma kole kwa kidole gumba, utaiona inajiviringisha vipande vidogo. Itakayokataa ndiyo ya kupewa petroli ya taa, kidogo kwenye kitambaa, ipanguswe na kuoshwa kwa sabuni mara moja.

Kuhusu hiyo petroli tuelewane vizuri, kwa sababu neno hili linaweza kuunguza nyumba. Sisi huku petroli ni ile ya taa, na ya kuendeshea gari ni esanse. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wakisema petroli wanamaanisha esanse yetu, na ya taa wanaiita mafuta ya taa. Ukisoma kwenye simu ushauri ulioandikwa Dar es Salaam, kisha ukamtuma mtoto petroli, hapo pana hatari. Esanse inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali, na wewe umeweka maji ya moto kwenye mbabula, lile jiko la makaa, hatua tatu kutoka hapo. Esanse usiiguse kwa kazi hii. Hata kwa petroli ya taa, mbabula izimwe kwanza, na mashine ya nywele iwe imechomolewa.

Sasa hizo herufi zinazosomeka. Hiyo si kole tena, mama. Kwa miaka yote stika ilikuwa inaifunika rangi, jua likichakaza pembeni tu. Palipofunikwa pamebaki papya, kwingine pamefifia. Kwa hiyo usisugue herufi, kazi iko kwenye rangi inayozizunguka. Nunua pasta ya kung'arishia, ile laini, na uipitishe mlango mzima kwa kitambaa safi. Kitambaa kikigeuka cheupe usiogope: maana yake rangi yako haina verni, ile rangi angavu ya kinga, juu yake, na kinachotoka ni ule unga uliochakaa. Ule mtihani wa kitambaa niliokutajia mwanzoni ni wa dawa, si wa pasta. Ila gari likiwa na verni kitambaa hakibadiliki rangi, na hapo uwe mwangalifu zaidi, maana verni peke yake mara nyingi haifiki maikroni 50. Pitisha mara mbili, simama, tazama kutoka pembeni. Herufi zikififia mpaka mtu aliye hatua tano hazisomi, nakushauri utosheke. Ukimaliza paka nta, kwa sababu sehemu zote ulizosugua sasa ziko uchi.

Jambo moja nakuomba uliangalie kesho asubuhi. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa nembo. Baadhi ya wabandikaji hukata stika ikiwa tayari juu ya gari, na kisu chao huacha mstari mwembamba unaofika mpaka kwenye bati. Mvua yetu, ikipita kwenye moshi wa Nyiragongo, hushuka na asidi, na mstari kama huo huanza kutoa kutu. Ukiuona, hiyo si kazi ya kufanyia nyumbani. Mpelekee fundi wa rangi kabla ya masika.

SWALI: Papa, teksi yangu ilitoka Japani na ina stika mbili kwenye kioo cha nyuma, kwa ndani. Wembe kwenye kioo unaruhusiwa? – Shoferi, Ndosho

JIBU: Kaka, kwenye kioo kitupu ndiyo, ukiwa umelowesha maji ya sabuni na wembe umelala. Lakini kioo chako cha nyuma kina ile mistari ya kahawia ya kuondoa ukungu, nayo iko ndani, upande uleule wa stika. Ukikata mmoja tu, mstari huo haupashi tena, na asubuhi za mvua ukungu utabaki mahali hapo. Hapo tumia taulo la moto na kidole, ukifuata mistari na si kuikatiza. Kole ya mwisho ipangusie alkoli ya famasi.

SWALI: Mzee, mimi ni motari, nabeba watu kwa pikipiki. Nimepasha stika za maua kwenye tangi la pikipiki yangu kwa maji ya moto mara nne, hata kona haiinuki. Kwa nini? – Motari, Majengo

JIBU: Mdogo wangu, funga macho upitishe kidole kwenye ukingo wa ua. Usiposikia ngazi yoyote, stika hiyo imefunikwa na verni kiwandani. Haitoki kwa joto wala kwa mafuta, hutoka kwa msasa tu, na baada ya msasa tangi zima linapakwa upya. Ukiisikia ngazi, basi iko juu na itatoka, endelea na taulo. Lakini usipashe tangi kwa mashine ya umeme wala kwa mwali wowote likiwa na esanse, hata likiwa limebaki na harufu tu. Lifungue kutoka kwenye pikipiki, limwage, ufunge kifuniko, ukalifanyie kazi nje kwa maji ya moto peke yake.