Kadi ya pointi za hoteli: kabla hujalipa ada, uliza unalala wapi

Shemeji yangu ni nesi Minnesota, wa zile kandarasi za wiki kadhaa mji huu, wiki kadhaa mji ule. Majuzi alinitumia tangazo kwenye WhatsApp: kadi ya mkopo ya Marriott Bonvoy Boundless, ya kundi la hoteli za Marriott, inayotolewa na benki ya Chase, ada yake dola 95 kwa mwaka, na kila mwaka ukiihuisha unapewa usiku mmoja wa bure hotelini. "Shem, nichukue?" Kaka yangu, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia kwamba na yeye anataka ya kwake, ili Desemba wakija nyumbani kila mmoja awe na usiku wake.

Nilimuuliza kaka swali moja tu. Mkija Desemba huwa mnalala wapi? Kwa mama, Kikuyu. Na siku mama atakaposikia mwanawe ametua JKIA akapitiliza kwenda kulala hotelini Westlands, hiyo kesi nani ataisikiliza?

Natania, lakini hesabu nzima imelalia hapo. Tangazo litakwambia usiku wa bure una thamani ya dola 200 na ushee. Sawa, kwa mtu ambaye angezitoa hizo dola 200 mfukoni. Kama ungelala kwa mama, umeokoa sufuri. Kama ungekodi chumba Kilimani kwa Sh5,000, umeokoa Sh5,000. Na ada ya dola 95, kwa dola ya Sh129, inapita Sh12,000.

Halafu huo usiku wenyewe una masharti. Ni hati ya chumba ambacho bei yake haizidi pointi 35,000 (pointi ni alama unazokusanya ukilala au ukilipa kwa kadi, kisha unalipia nazo chumba), na inaisha baada ya mwaka mmoja. Tangu 2022 Marriott waliachana na jedwali la bei za pointi zisizobadilika. Sasa bei ya chumba kile kile hupanda na kushuka kufuatana na msimu, na Desemba ndiyo msimu wenyewe. Chumba kikizidi kikomo kidogo, unaweza kujazia kwa pointi zako mwenyewe. Kwa hiyo usiulize hati ina thamani gani. Fungua programu yao ya simu, weka tarehe unazosafiri kweli, angalia JW Marriott ya Westlands au Four Points ya pale uwanja wa ndege, uone wanataka pointi ngapi na shilingi ngapi kwa usiku huo huo.

Ukishapata namba hizo mbili, gawanya. Tuseme chumba ni dola 140 pamoja na kodi, au pointi 20,000. Kila pointi ina thamani ya senti 0.7 ya dola. Kadi hii hutoa pointi 2 kwa kila dola kwa matumizi mengi ya kawaida, yaani senti 1.4. Na kule Marekani kuna kadi zisizo na ada ya mwaka zinazorudisha senti 2 taslimu kwa kila dola, kama Active Cash ya Wells Fargo. Kwa mtu wa kulipia bima ya gari na simu, kadi ya hoteli inashindwa mchana kweupe. Inaanza kushinda ukiwa ndani ya hoteli zenyewe, ambako hutoa pointi 6 kwa dola, juu ya zile za uanachama.

Uanachama, hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Kujiunga na mipango ya wateja ya makundi ya hoteli, kama Marriott Bonvoy, Hilton Honors au IHG One Rewards, ni bure, uwe Nairobi au Nebraska. Ukilala, pointi za uanachama zinaingia hata kama umelipa kwa M-Pesa. Sisi wa huku, ambao hiyo kadi ya Chase hatuwezi kuipata kwa sababu inataka mkazi wa Marekani, hatukosi mengi. Kinachotunyima pointi ni kingine: kupitia tovuti za mawakala kama Booking.com badala ya hoteli yenyewe. Na ninyi ndugu zangu wa mashirika, mnaoishi kwenye semina za Naivasha na Kigali, mjue kwamba mwandaaji akilipia vyumba vyote kwa bili moja, kwa kawaida wewe uliyelala hupati kitu. Uliza mapema kama unaweza kulipa mwenyewe kisha urudishiwe. Mhasibu atakunja uso, lakini uliza.

Lingine la hapa kwetu. Hilton ya mjini, ule mnara wa duara uliofunguliwa 1969, ambao nusu ya Nairobi ilipeana miadi chini yake, ilifungwa mwisho wa 2022. Pointi za watu hazikupotea. Kuna hoteli nyingine za Hilton, DoubleTree Hurlingham na Garden Inn karibu na uwanja wa ndege. Ila kama uliweka pointi kwa ajili ya kulala katikati ya jiji, basi tena. Ndiyo maana siamini kulimbikiza pointi miaka na miaka. Za Marriott na Hilton hufutwa akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli yoyote.

Shemeji alikuwa na wazo moja ambalo nililizima haraka. Kadi mpya huja na bonasi kubwa, na kuipata lazima utumie kiasi fulani, mara nyingi dola 3,000 ndani ya miezi 3. Akasema atafikisha kwa kutuma pesa nyumbani, maana hutuma kila mwezi. Benki nyingi huhesabu kutuma pesa kwa kadi ya mkopo kama kutoa taslimu: unakatwa ada, riba inaanza siku hiyo hiyo, na pointi hakuna. Riba za kadi kule zinapita asilimia 20 kwa mwaka. Hakuna kitanda cha hoteli kinachofidia hilo, na mtu anayebeba deni la kadi mwezi hadi mwezi hana haja ya kuendelea kusoma makala hii.

Sasa shemeji mwenyewe. Akiwa kwenye kandarasi hupewa posho ya makazi na kujitafutia pa kulala, na mara nyingi huishia kwenye hoteli za Marriott. Hulipa mwenyewe, na bili ya kadi huimaliza kila mwezi. Usiku wa bure atautumia Iowa akiwa kazini, siku ambayo angelipa kwa vyovyote. Nikamwambia achukue. Akija nayo huku haina makato ya kununua ng'ambo, ila mashine ya dukani ikimuuliza dola au shilingi, achague shilingi, la sivyo atabadilishiwa kwa bei ya mwenye mashine.

Kaka nimemwambia atulie, ajiunge na uanachama wa bure. Amenuna kidogo. Shemeji naye nimemkumbusha kwamba Marriott wanaruhusu kumhamishia mwanachama mwingine pointi, hadi 100,000 kwa mwaka. Namba yangu ya uanachama anayo.