Mpwa wangu wa Forodhani, pizza ya Chicago ni hii

Mpwa wangu anauza pizza Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku huko Unguja: ile ya kwetu, unga mwembamba unaokunjwa juu ya nyama na yai ukakaangwa. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, nyuma yake nasikia mafuta yanalia kwenye chuma na watu wanaagiza. Alipata wateja wawili kutoka Chicago, wakala pizza yake wakaisifu, kisha wakamwambia kwamba kama hajala ile ya kwao, nene kama keki, basi pizza bado hajaijua. Swali lake kwangu: "Mjomba, miaka yote uko huko na kazi yako ni hiyo hiyo ya jikoni, mbona hujawahi kuniambia? Na mtu mwenye mkono kama wangu akija huko, si atatoka?" Namjibu kwa maandishi kwa sababu si yeye peke yake anayeniuliza, na kwa sauti ningesahau nusu.

Hao wageni wako hawakukudanganya. Pizza nene ipo, wenyewe wanaiita deep dish, na nyumbani kwake ni hapa Chicago. Ilianza kuuzwa 1943 katika duka liitwalo Pizzeria Uno, kwenye kona ya mitaa ya Ohio na Wabash, la mabwana wawili, Ike Sewell na Ric Riccardo. Nani hasa aliyekanda unga wa kwanza, hilo watu wanabishana mpaka leo. Unga wake unatandazwa ndani ya sinia la chuma lenye kingo ndefu na kupandishwa mpaka juu ya kingo. Jibini linakaa chini, nyama katikati, nyanya ndiyo inayofunika. Ukishangaa kwa nini imepinduliwa hivyo, jibu ni moto: inakaa ndani ya oveni kama dakika 40, na jibini likiwa juu muda wote huo litaungua kabla unga haujaiva. Miaka ya sabini wakazidi kuinenepesha. Nancy's na Giordano's wakaongeza tabaka la pili la unga juu, ikawa kama sambusa kubwa iliyojaa jibini. Kipande kimoja kinamtosha mtu mzima.

Ni tamu, siikatai. Lakini nijibu wewe uliyezaliwa Ng'ambo, pale pale Unguja mjini: ni nani mtaani kwenu anayekula Forodhani kila usiku? Tunakwenda sikukuu, tunakwenda tukiwa na mgeni. Siku nyingine ni urojo, ni muhogo, ni mkate wa kumimina wa jirani. Hapa ni vivyo hivyo. Pizza nene wanapelekwa wageni. Mwaka mzima naweza kuila mara mbili, zote kwa sababu kuna mtu nimekwenda kumpokea uwanja wa ndege.

Pizza wanayokula wenyewe ni nyembamba, kavu, unaivunja ikalia, na inakatwa vipande vya mraba kama kashata. Hii ilikulia kwenye baa za wafanyakazi. Mtu ametoka kiwandani jioni, mkono mmoja una glasi, hana meza wala sahani. Anapewa kipande kidogo juu ya karatasi, anakimaliza kwa kuuma mara mbili tatu. Ndiyo maana ikakatwa mraba. Home Run Inn, kule mtaa wa 31, ilifunguliwa 1923 ikiwa baa tu, na jina lake lilitokana na mpira wa besiboli uliotoka uwanja wa jirani ukavunja dirisha. Pizza waliianza 1947. Siku hizi wanaigandisha, unaikuta kwenye friji za maduka makubwa. Kusini zaidi, barabara ya Pulaski, kuna Vito & Nick's, na kwa watu wa upande ule hiyo haina mshindani.

Jikoni kwetu ubishi huu hauishi. Kuna mwenzangu mmoja, mtoto wa kusini mwa mji, ukimtajia pizza nene anakasirika kama umemtukania mama yake. Anasema mji wake umebandikwa sura isiyo yake. Yule wa Mexico anayesimamia oveni yuko upande wa Home Run Inn, kwa sababu ndiyo pizza ya kwanza kumnunulia mkewe walipohamia mtaa wa karibu na pale. Kijana wa kupeleka oda yeye ni mtu wa Pequod's: ni nene, lakini jibini linapakwa mpaka ukingoni mwa sinia likaungua kwa makusudi, likawa ukoko mweusi. Ukoko huo, mpwa wangu, ni kama ule wa wali wa nazi tuliokuwa tukiugombea kwa bibi yako. Kwa hoja hiyo pekee nilikaribia kuhamia upande wake.

Na wanaouliza kuhusu Obama, maana kila Mkenya ninayezungumza naye huuliza: pizza iliyojulikana sana kuwa kipenzi cha familia yake ni ya Italian Fiesta, duka la upande wa kusini. Nyembamba, mraba. Hoja ya yule mwenzangu wa kusini inapata nguvu hapo.

Mimi nimesimama na nyembamba, na sababu yangu ni ya mikono. Unga wake ndio ninaoushika kila siku. Tunausukuma kwa mashine mpaka uwe kama chapati ya maji, tunaukata duara, tunaupanga kwa karatasi katikati, halafu unakaa kwenye friji kubwa siku mbili bila kufunikwa sawasawa. Wewe unga wako unauogesha mafuta ili ulainike na uvutike, sisi wetu tunauacha ukauke. Ukikauka ndipo unapoivia moto ukawa kama biskuti, hata sosi ya nyanya hailowanishi. Siku ya kwanza niliona kama wanauharibu. Soseji haikatwi, inamenyuliwa mbichi kwa vidole, matonge madogo, imetiwa mbegu za shamari. Ikitoka unaikata mistari ya kwenda na ya kukatiza, na kwa kuwa pizza ni duara na mistari ni mraba, pembeni vinabaki vipembe vidogo vikavu vyenye ncha. Wanangu wawili wanapigana kwa ajili ya hivyo vipembe. Katikati, kwenye vipande laini, hakuna anayekimbilia. Wenyeji wanamwagia juu giardiniera, ambayo ni achari tu: karoti, koliflawa, figili na pilipili ndani ya mafuta. Mtu wa Unguja hahitaji kufundishwa kuipenda.

Sasa hiyo soseji ni nguruwe, na hapo ndipo swali lako la pili linapoanza. Duka la kwanza nililofanyia kazi waliniweka kwenye meza ya nyama. Nilivaa glavu wiki tatu, nikirudi nyumbani naosha mikono mpaka ngozi inachubuka, moyo hautulii. Nikamwendea msimamizi nikamweleza dini yangu bila kuzungusha maneno. Kwa hilo nitamshukuru daima, alinihamishia kwenye unga siku ile ile. Lakini duka hilo hilo liliniandikia saa 40 wakati nilikuwa nafanya 52, na nilikaa kimya miezi minane kwa kuwa sikujua kama nina haki ya kudai. Ninayo. Yeyote akija ajue hivyo kuanzia siku ya kwanza, aandike saa zake mwenyewe kwenye daftari. Pizza ya halali ninayokula sasa nanunua upande wa Devon, kwenye maduka ya Wahindi na Wapakistani, soseji yao ni ng'ombe. Ile ya Vito & Nick's niliionja kwa sababu mwenzangu aliniletea ya jibini na zeituni. Ilikuwa imepoa, na bado niliinyamazia kwa heshima.

Fedha. Julai 2025 kima cha chini cha mshahara Chicago kilipanda kikawa dola 16.60 kwa saa. Kwa kima hicho, ukipata saa 40 ni dola 664 kwa wiki kabla ya makato, na si kila wiki utazipata. Januari, upepo wa ziwani ukianza, wateja wanaokaa ndani hupungua na shifti zinakatwa. Kodi ya vyumba vyangu viwili inakula zaidi ya nusu ya mshahara wangu, na bila mshahara wa mke wangu nisingeweza kukaa hapa. Pizza kubwa moja, ukiweka kodi ya mauzo na bakshishi, inakaribia dola 30. Kwa hiyo hapana, hatuli pizza kila siku. Tunakula Ijumaa moja moja, na nyingine ninazileta zile zilizokosewa oda.

Na mkono wako? Nitakwambia kweli hata kama inauma. Hapa hawatauona kwanza. Watakuona una karatasi za kazi au huna. Ukiwa nazo, watakuweka kuosha masinia, na unga utaugusa baada ya mwaka. Pale Forodhani watu wanapanga mstari kukuangalia wewe ukitandaza donge mpaka linaangaza taa. Sikwambii usije. Nakwambia usiuze ile meza yako kumlipa mtu anayekuahidi viza ya mpishi wa pizza, maana hao mawakala nimeshasikia habari zao kwa zaidi ya familia moja, na fedha haikurudi.

Wageni wako wakirudi, au wakija wengine, waulize wametoka mji gani. Wa New York watakwambia pizza ni ile pana inayokunjwa kwa mkono, na watakutajia Lombardi's ya 1905. Wa Detroit wana yao ya mstatili, ya Buddy's tangu 1946, inayookwa kwenye masinia ya chuma ambayo inasimuliwa yalitoka viwanda vya magari. Wasikilize. Mtu anayekusimulia pizza ya kwao anakusimulia mtaa aliokulia, na utamjua kwa dakika mbili kuliko kwa maswali kumi.

Umeuliza pia kama kuna anayepika yako hapa. Mimi, jikoni kwangu, kila Ramadhani. Nyama ya kusaga, kitunguu, yai, lile jibini laini la pembetatu, yote kama ulivyonionyesha nilipokuja mara ya mwisho. Kikaango cha chuma ninacho. Kinachonishinda ni donge: likifika upana wa sahani linachanika katikati, na yai linamwagika. Mikono yangu imezoea unga mkavu. Niambie unalilaza kwenye mafuta saa ngapi, na unatumia unga gani. Halafu mwambie mwenzako akurekodi, asikurekodi uso wala wageni, aweke simu karibu na vidole, kuanzia unapolipiga donge mpaka unapokunja pembe ya nne.