Taarifa zako zikivuja kwenye tovuti ya bima ya afya, usiishie kubadili nywila

Mkuu, umeuliza kama kubadili nywila kunatosha baada ya kupata barua kwamba taarifa zako zimevuja kwenye soko la bima la serikali hapa Marekani. Hakutoshi. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kujaza maombi ya HealthCare.gov, tovuti ya soko hilo, na mara nyingi mwizi hana haja kabisa na nywila yako.

Mwaka 2018 mafaili ya HealthCare.gov ya watu wapatao 94,000 yalifikiwa na wezi kupitia mfumo wanaotumia mawakala wa bima. Machi 2023 zikavuja taarifa za watu zaidi ya 56,000 kwenye DC Health Link, soko la jiji la Washington, D.C., wakiwemo wabunge wa Congress, kisa seva iliyopangwa vibaya ikawa inafikika bila nywila yoyote. Mwenye akaunti angefanya nini hapo?

Tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security, ile namba ya utambulisho ya serikali, ndizo zilezile maisha yako yote, basi ziba kule zinakoweza kutumika. Fungia faili lako la mikopo kwenye kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu, ili mtu asikope kwa jina lako. Ni bure kisheria tangu Septemba 2018, na siku ukitaka kukopa unalifungua ndani ya saa moja. Watakushawishi ununue huduma nyingine inayofanana na hiyo, achana nayo. Halafu omba IP PIN kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, namba ya tarakimu sita inayobadilika kila mwaka, ili asitokee mtu akajaza kodi kwa jina lako.

Wengi wanaishia hapo, na hili ndilo linaloniuma. Mama mmoja alinijia na fomu 1095-A, fomu ya kodi inayotoka Soko kuonyesha bima yako na ruzuku yake, ikiwa na jina la kampuni asiyoijua kabisa. Wakala ambaye hawajawahi hata kusalimiana alikuwa amemhamishia bima nyingine, bila shaka kwa ajili ya kamisheni. Daktari wake hakuwemo kwenye bima hiyo mpya, na ruzuku ya serikali iliyolipwa kwa jina lake ikamfuata kwenye hesabu za kodi. Tulipeleka malalamiko na fomu ikarekebishwa, lakini kwa kusubiri sana, na muda wote huo alikuwa anajilipia dawa mwenyewe.

Tangu Julai 2024 wakala mgeni haruhusiwi kugusa ombi lako kwenye HealthCare.gov mpaka mpige simu ya watu watatu pamoja na kituo cha simu cha Soko. Hata hivyo ingia mwenyewe, fungua ombi la mwaka huu, tazama jina la wakala aliyeandikwa. Kama humjui, piga kituo wamwondoe leo hii, na uulize uko kwenye bima ipi.

Kama uliandika watoto, namba zao nazo zimo humo. Mzazi anaweza kufungia faili la mtoto wa chini ya miaka 16, bure vilevile. Kwa kawaida wanataka nakala za vyeti kwa posta, kwa hiyo anza na hilo.