Everglades baada ya kimbunga: nenda tu, ila chagua upande na mwezi

Mkuu unayeuliza kama kuna maana ya kutoa familia Orlando kwenda Everglades, ile hifadhi ya taifa ya kinamasi kusini ya Florida, Marekani, wakati kimbunga kimepita juzi tu, mi nilienda Januari 2018, kimbunga Irma kilikuwa kimepiga kusini ya Florida Septemba 10, 2017, kwahiyo naongea nilichokiona.

Wanyama toa wasiwasi, mamba hamalizwi na upepo. Shida ni maji. Mvua ya kimbunga ikishuka, maji yanatapakaa mbuga nzima, samaki wanatawanyika, ndege wanawafuata hukohuko, we unabaki unaangalia majani na mbu wanajilia. Kiangazi cha kule ni kama Desemba mpaka Aprili, maji yanakauka yanabaki vidimbwi, hapo ndo samaki, ndege na aligeta wote wanabanana sehemu moja. Kwahiyo geti kufunguliwa sio sababu ya kukimbilia, subiri Januari. Anhinga Trail, pale karibu na geti la upande wa mji wa Homestead, unapita kwenye njia ya mbao aligeta wamejilaza chini yako kabisa, watoto shika mikono.

Flamingo, yaani ule mwisho wa barabara ya hifadhi kule baharini, ni habari nyingine, toka getini ni kama kilomita 61 na huko ndo bahari iliingia. Jengo la wageni lilikuwa limefungwa, jipya limekuja kufunguliwa 2023. Ila kilichonishangaza mi mtu wa Tanga ni mikoko, ilikuwa ya kijivu tupu. Nikajua ni upepo, kumbe upepo unapukutisha majani na mingi inachipua tena, inayokufa kweli ni ile ya mabondeni ambako maji ya bahari yaliingia yakakosa pa kutokea na tope likabaki, sasa ile jamii ya mchu inapumulia mizizi inayochomoza juu, ikifunikwa miezi kadhaa basi, unakauka umesimama. Pale bandarini nguva walikuwepo lakini, wanapiga pua juu kama hakijatokea kitu.

Kabla hujatoka cheki tovuti ya hifadhi, kila upande unafunguliwa kwa wakati wake. Mafuta jaza Homestead, maji na msosi beba, dawa ya mbu hata Januari usiache. Na kama mna siku moja tu achana na Flamingo, ishieni Pa-hay-okee, pale njiani penye jukwaa la kutazamia mbuga, mgeuze, Orlando ni masaa manne na zaidi hiyo bila foleni ya Miami.